Kiduku Ulichotaka Kinyolewe

Baba yangu,

Ejok, salamu kwako. Natumaini barua hii imekukuta na nguvu, mguu umepunguza kuuma, na mvua imefika hapo Burat hata kama ni ile ya kudanganya. Mbuzi wamezaa? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sijui. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu hutaki kushika tangu Pasaka. Karatasi hii inaletwa kwa mkono na kijana wa Meru anayekuja likizo, kwa hivyo huwezi kuikata. Na wewe Akiru, dada yangu unayemsomea mzee, usiruke mstari hata mmoja ati kwa sababu ni mkali. Soma vile nimeandika.

Baba, tuanze na kiduku. Ile miaka mitatu nilikuwa kinyozi pale Wabera, kila kijana aliyeingia alitaka kiduku: pembeni kunanyolewa kabisa, katikati nywele zinabaki zimesimama kutoka kwa paji la uso mpaka kisogoni. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, na kichwa changu ndicho kilikuwa tangazo la duka. Wewe ulikiita jogoo. Kwa harusi ya binamu ulisimama mbele ya watu ukaniambia, "Toa huyo jogoo kwa kichwa ama utoke kwangu." Lakini wewe mwenyewe ndiye ulitusimulia, tena ukijivuna, vile babu alipaka nywele zake udongo akachomeka manyoya ya mbuni, na usiku akaegemeza shingo kwa kigoda asije akaziharibu. Hakuna aliyemwita babu muhuni.

Sasa huku ng'ambo nilikokuja kazi ya ulinzi. Nilipofika, kabla hata sijaonyeshwa kitanda, walitupanga nje ya bweni kama mbuzi wanaosubiri josho, wakatunyoa wote hadi ngozi. Msimamizi alisema ati Waafrika tunaleta chawa. Mimi, kinyozi, nikainamishwa kichwa na mtu ambaye hata mashine hajui kuishika! Alinikata juu ya sikio. Mtanzania aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza, "Pole kaka, kiduku ndiyo kimekwenda." Nilicheka naye, halafu nikaingia chooni nikalia. Ndiyo, nililia, na nina miaka ishirini na saba.

Hapo ndipo nilifanya ule ujinga. Nilijiambia, angalau mzee atafurahi. Nikavaa yunifomu ya ulinzi, nikatoa kofia makusudi kichwa king'ae, nikapiga picha, nikaiweka kwa status ili Akiru akuonyeshe. Kumbe nimesahau nilikozaliwa! Kwetu mtu hanyoi kichwa chote hivi hivi. Akinyoa hivyo, amezika baba ama mama. Nilisahau, Baba. Kwa bweni tulikuwa vipara arobaini na hakuna aliyefiwa.

Yaliyofuata nilielezwa na Mama, akicheka na kulia kwa pamoja. Mke wa jirani aliiona picha kabla ya Akiru, akapiga nduru, "Mzee ameenda!" Wanawake wakaja na sukari na majani ya chai, wakakaa mlangoni, wakaanza kuomboleza. Wewe ukatokea nyuma ya boma na mbuzi wako, fimbo begani, ukakuta unaliliwa. Wengine walitoroka. Ukauliza ni nani amekufa, na mtu akakupa simu. Mama anasema uliitazama ile picha, ukasema, "Huyu amenizika nikiwa hai. Basi mimi pia sina yeye." Tangu siku hiyo jina langu halitajwi hapo nyumbani.

Nina hasira, Baba. Wacha niseme. Ulitaka nywele zitoke, zikatoka kwa aibu ambayo hata adui yangu siwezi kumtakia, na bado kosa ni langu. Nikiwa nazo mimi ni muhuni, nikiwa sina mimi ni mchawi wa baba yangu. Nifanye nini, ninunue kichwa kingine? Nasikia wazee walikushauri uchinje mbuzi, unitemee mate ya baraka hata kwa simu, mambo yaishe. Ukawaambia mate yako yamekauka. Hilo neno liliniuma kuliko ile mashine.

Kosa la kusahau ni langu, na ninakuomba radhi, nimepiga magoti. La kunyolewa si langu, na sitaliombea radhi. Wananinyoa kila Ijumaa, na mkataba umebaki mwaka mmoja na nusu. Kila mashine ikiwashwa nasema kwa sauti, kwa Kiturkana, "Baba yangu yuko hai." Wenzangu wamezoea, wanadhani ni sala.

Mnisalimie Mama, aliyebeba haya yote katikati yetu. Salamu kwa mjomba dereva wa lori la Sericho, na kwa shangazi mwimbaji wa kanisa. Yule mke wa jirani mwambieni sina kinyongo naye, ingawa angeuliza kwanza.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, mkitoka kanisani, nitapiga simu ya Akiru. Ishike, Baba, hata kama ni ya kunitukana, nitasikiliza yote. Wewe si kijana tena, na mimi niko mbali. Ukienda kabla hatujaongea, watoto wako wengine watanyoa vichwa. Mimi sitakuwa na unywele hata mmoja wa kukunyolea.

Ni mimi, mwanao wa tatu, utake usitake,
Ekiru