Kila Binti Akitengeneza Fayawoli, Mimi Narudisha ya Marehemu

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi pokea salamu tu, lakini naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nimejitia kitanzi mwenyewe. Mimi ni mpiga chapa, nafanyia kazi sebuleni, na marehemu mume wangu alikuwa fundi redio, yeye ndiye aliyeipanga kompyuta yetu na fayawoli yake, yaani ule ulinzi unaoamua programu gani ipite kwenye mtandao na ipi izuiwe, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utani kila sheria aliipa jina, ya printa aliiita Mgeni Njoo, programu ya matangazo akaifungia kwa jina la Jirani Mdaku, na mchezo wake mwenyewe wa karata akauzuia kwa sheria inayoitwa Mama Kasema Basi, halafu ananiita nikiwa na unga mikononi, nije nione nilivyotawala nyumba, tunacheka mpaka chai inapoa. Nilikuwa na furaha, mshauri, sikujua tu kwamba ile ndiyo furaha yenyewe.

Kabla hajaniacha alihifadhi nakala ya mipangilio hiyo kwenye flashi, akanifundisha kuirudisha. Sasa binti yetu, ambaye ndiye fundi wa kompyuta ofisini kwao, alikuja akafuta sheria za baba yake akaweka mpya, akasema zile za zamani zimeacha mlango wazi kwa programu ambayo hata walioitengeneza wameitelekeza, nami alipoondoka tu nikachomeka flashi nikarudisha za marehemu, na ukirudisha hizo zinafuta zote za binti, printa mpya, ambayo sheria za marehemu haziijui, ikagoma, nikampigia, akaja Jumamosi akatengeneza, akaondoka, nikarudisha tena, na ndivyo tunavyoishi tangu mvua zilipoanza.

Jumamosi iliyopita alikaa mbele ya kompyuta, akashika kichwa, akasema, "Mama, labda kazi hii siiwezi." Nilikuwa jikoni, nikakata kitunguu ambacho hakikuhitajika. Na alipoondoka, mshauri, nikarudisha tena. Sasa amesema analeta kompyuta nyingine na hii anaipeleka kwa wauza vyuma chakavu. Nikimwambia ukweli ataniona mwongo, nikinyamaza ataondoka na utani wote wa baba yake. Nifanyeje?

Mke wa Fundi

Mke wa Fundi, marahaba, maana nimekuzidi. Pole kwa msiba. Mume aliyekuchekesha mpaka chai ikapoa hasahauliki, na sikuombi umsahau.

Lakini sasa nikugombeze. Unachapa mikataba na barua za watu, siri zao zimo humo, halafu unaacha wazi mlango ulioambiwa ni mbovu, eti kwa sababu aliyeutengeneza ulimpenda? Marehemu angekuwepo angeufunga mwenyewe, tena kwa jina la kuchekesha. Na huyo aliyekufundisha kurudisha nakala, najua alikufundisha na kuhifadhi. Mbona kazi ya binti hukuihifadhi hata mara moja? Umemfanya mtoto aitilie shaka mikono yake, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mpigie leo, usingoje Jumamosi. Mwambie kompyuta haiumwi, mama ndiye anayeumwa, na asilete nyingine. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Kwa kuwa sheria za marehemu ndizo zilizomo sasa, zima mtandao mara tu ukimaliza kusoma hapa. Kuchapa maandishi hakuhitaji mtandao, na printa yenyewe imeshagoma. Akija, kaeni mzisome pamoja moja moja, umsimulie kila jina lilitoka wapi, mzipige picha. Kisha aweke zake kwa mara ya mwisho, na safari hii ahifadhi nakala kwenye faili jipya lenye tarehe, ili siku kompyuta ikiharibika kweli mrudishe hiyo. Flashi ya mzee ikae kabatini na vitu vyake vingine. Na sheria za binti bila shaka zina majina makavu ya kiofisi. Mwombe azibadilishe, ya printa mpya iitwe Mgeni Njoo. Jina halina virusi.

Kuna jambo hukuliandika, nami nimelisoma hivyo hivyo. Tangu kompyuta ianze "kuumwa," binti yako hajakosa Jumamosi hata moja. Ukimaliza kuomba radhi, mwambie na hilo, kwa maneno haya haya: "Mwanangu, njoo hata kama hakuna kilichoharibika."