Mwandike Wamaitha

Gitothua, Ruiru
3 Februari 2025

Mama mpendwa,

Natumai umeamka salama na jicho la kushoto limepunguza kuuma. Sisi tu wazima, na tumbo la Lynn limeanza kuonekana.

Nakuandikia kwa herufi kubwa ili usome bila kumwita Benta. Nimekuingiza kwenye fomu ya kliniki yetu ya macho. Nimekuandika Wamaitha ulivyotaka, si Agnes. Daktari anasema presha ya macho isipopunguzwa kwa upasuaji, kinachopotea hakirudi. Utapata meseji ya tarehe. Usije kabla yake, tafadhali. Mimi ni karani mgeni, na mkubwa wetu, Bwana Muigai, ameonya kuhusu wanaopitisha jamaa zao dirishani.

Mwanao,
Chege

Thika
10 Machi

Chege mwanangu,

Lynn anakula? Mwambie apunguze yale mawe ya sokoni wanayotafuna wajawazito.

Simu nalala nayo chini ya mto. Benta jirani akinisomea meseji anacheka, "Mama Chege, umeshinda milioni tena." Tarehe hakuna. Jana nilimimina chai nje ya kikombe. Nzilani wa kanisani ameshaitwa, na alijiandikisha baada yangu. Nikuje tu, ama nisubiri?

Mamako

Ruiru
14 Machi

Mama,

Pole kwa chai. Subiri kidogo. Kila Ijumaa nikituma fomu, skrini inaandika "Imehifadhiwa". Nimeiona kwa macho yangu. Mashine haimruki mtu.

Chege

Ruiru
22 Aprili

Mama,

Hujanijibu, na Benta anasema kalamu imekushinda. Sijui nianze wapi.

Wiki jana mama mmoja anayeitwa Wangui alilia dirishani petu. Nikatafuta, nikakuta hakuna jina la W lililopata tarehe tangu Januari. Fomu hutuma wagonjwa wote pamoja, kwa alfabeti. Kurasa zetu zinaendeshwa na lugha ya PHP, na katika mipangilio yake kuna kikomo: vitu elfu moja kutoka fomu moja. Kila mgonjwa ana vitano, yaani jina, simu, jicho, presha na tarehe. Wagonjwa walipozidi mia mbili, wa mkiani walitupwa kimya kimya, na skrini ikaendelea kusema imehifadhiwa.

Nilimwambia Bwana Muigai. Akasema, "Seva si sufuria ya kwenu. Iache." Nikaogopa, nikaiacha wiki nzima. Hata kukupigia niliogopa.

Leo asubuhi nimebadilisha ule mstari mmoja wa kikomo, nikawasha seva upya, nikatuma fomu tena. Umeonekana. Tarehe yako ni Jumatatu. Benta akulete.

Chege

Thika
20 Mei

Chege,

Huu ni mkono wa Benta, maneno ni yangu. Uchungu umeisha, daktari alijitahidi. Kushoto kumefunga kabisa. Kulia naona dirisha, sioni aliyesimama hapo.

Siku ile kliniki hukunisogelea. Nilisikia viatu vyako vikienda na kurudi kwenye korido. Hukuniuliza kitu, nami sikukuita. Umekula lakini?

Mamako

Ruiru
9 Julai

Mama,

Tunakusalimu sasa tukiwa watatu. Lynn amejifungua msichana, wote wazima.

Najua mila, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, yaani wewe. Lakini cheti cha kuzaliwa bado sijakijaza. Nataka tumwandike Agnes. Agnes pia ni wewe, na jina la A husomwa kwanza kila mahali. Sitaki mtoto wangu awe mkiani mwa fomu ya mtu. Niruhusu.

Chege

Thika
13 Julai

Baba Wamaitha,

Benta alicheka nilipomwambia aanze hivyo, kisha akaandika.

Wamaitha alikuwa nyanya yangu. Alinipa jina, na mimi nimemwekea huyo mtoto. Mashine ndiyo ilikuwa na makosa, na uliirekebisha. Ulichelewa, najua, na wewe unajua. Usianze sasa kurekebisha mtoto.

Mwandike Wamaitha. Kisha mlete, nimpapase uso nijue amefanana na nani. Na ukifika usisimame kwenye korido.

Mamako