Maharage ya Mbegu ya Bibi Anastazia

Kanazi, Ngara

Mwalimu, shikamoo.

Najua leo hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haanzi maswali kabla ya salamu. Nimechoka, Mwalimu. Tangu tukuzike nimebaki na baiskeli yako, mkoba wa fomu, na nyumba zilezile tulizozipitia pamoja, tukiandika hali ya kila kaya, mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka. Ofisi iliyotutuma inataka zipitiwe tena, ijulikane umaskini umezidi au umepungua kwa nani: watoto, vijana, au wazee.

Mikaratusi uliyoipanda shuleni imekwisha, yote imekuwa kuni. Vijana wengi wa hapa wamepata vibarua kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole, wengine wameshaezeka mabati. Soko limejaa mahindi ya njano ya msaada. Fomu za vijana zinajazika haraka. Za wazee ndizo zinazonitoa jasho.

Unamkumbuka Bibi Anastazia, yule mjane wa kilimani? Alitupikia maharage, ukaomba nyongeza. Tulipokuwa njiani ukaniambia, "Huyu hana shida, binti yangu. Mwenye shida atamshibishaje mgeni?" Ukaandika kwenye safu ya wazee: ana akiba ya chakula. Sikubisha. Nilikuwa nimeshiba pia.

Wiki iliyopita nilirudi kwake. Alinikaribisha mkekani, akawa anakunjakunja pindo la kitenge chake.

"Mwanangu, leo utanisamehe, sina cha kukupikia. Mara ile mbegu zilikuwepo."

Nikamuuliza mbegu gani. Akacheka kwa aibu. Yale maharage tuliyokula, Mwalimu, ndiyo aliyokuwa ameyaweka kwenye kibuyu ayapande mvua zikianza. Msimu ule hakupanda kitu. Na hakusema, kwa sababu huku kwetu mgeni haonyeshwi njaa ya nyumba. Mimi na wewe tumezaliwa hukuhuku. Mama yangu angefanya vilevile. Tulilijua hilo tangu utotoni, ila siku ile tulikuwa na kalamu mkononi, tukajiona wageni wa ofisi.

Nikazipitia nyumba nyingine za wazee waliotukirimu, safari hii nikiuliza walikula nini baada ya sisi kuondoka. Sikupenda majibu yao.

Sasa bosi wangu analinganisha fomu zako na zangu, anasema wazee wameporomoka ghafla, na anailaumu kambi. Hawakuporomoka. Walikuwa chini tangu siku ile. Tulikula chakula chao, halafu tukaandika kwamba wanacho. Na wakati wote huo, vilipogawiwa vyakula na mbegu, wazee wa Kanazi hawakuwemo kwenye orodha.

Nikisahihisha, kosa litabaki na saini yako, na wewe huna mdomo wa kujitetea. Siku tatu nimeiangalia fomu ile. Nilikukasirikia, Mwalimu, nisikufiche. Kwa nini uliomba nyongeza? Kisha nikalia, maana nilikukumbuka darasa la tano, ulipokosea hesabu ubaoni nasi tukaogopa kusema. Ulipoligundua kosa ulilizungushia chaki nyekundu, ukaliacha pale hadi jioni. "Wote tulione," ulisema.

Basi leo asubuhi nimesahihisha. Jina lako sikulifuta. Nimeandika langu chini yake, kwa sababu tulikula bakuli moja. Bosi hajafurahi, ila karatasi ameipokea.

Pumzika sasa, Mwalimu wangu. Mvua zimeanza kunyesha huku. Nimenunua maharage ya mbegu sokoni, kesho nampelekea Bibi. Nakuahidi sitamkabidhi mkononi, maana namjua, atanikalisha mkekani na kuyapika yote. Nitapanda kilima na jembe begani, niyafukie kabla hajawasha moto.

Mwanafunzi wako,
Domina