Nimemvunja Uzair Mkono

Kraa! Rafiki yangu Nyasani, niliisikia sauti hiyo kabla sijaona kitu, maana hasira ilikuwa imenifumba macho. Nilipoyafumbua, Uzair alikuwa chini kando ya ngoma zake, ameushika mkono, na mimi nimeshika stendi ya maikrofoni.

Mkono wa kulia, ndugu. Wa mpiga ngoma wetu!

Tulikuwa mazoezini Birongo, tukibishana yale yale. Nikasema bendi za nu metal, hiyo roki nzito tunayoipiga, zilikufa siku zilipoacha kufokafoka na kunguruma, zikaanza kubembeleza watu kwa piano. Akacheka. "Hazikufa, zilikua. Wewe ndiye bado uko kidato cha pili. Hata mashairi yako ni matusi yenye vina."

Matusi yenye vina! Mimi!

Nikampiga ngumi. Akanirudishia, mdomo ukapasuka. Nikashika stendi. Na huyu ndiye hukaa nami kila Jumamosi tukingoja jua litue, Sabato yangu iishe, yeye aswali magharibi, ndipo tuwashe vyombo.

Daktari anasema huenda vidole visishike kijiti tena. Visishike tena, Nyasani!

Mama yake hakupiga kelele. Aliniuliza tu, mbele ya daktari, "Umemvunja mwanangu kwa sababu ya nyimbo?"

Nikamwambia kwa sauti, Uzair akisikia pale kitandani: "Mama Uzair, jukwaani sitapanda kabla yake. Na siku atakayopanda, akitaka piano, nitaimba na piano."