Si Mimi Niliyempa Papa Chumvi

Walikale, kwenye misioni

Kwa dada yangu mpendwa Ester, Kingi,

Nakusalimu, dada, pamoja na wote wa nyumbani. Mgongo wa Mama umepona? Na wewe, kikohozi kimekwisha? Mimi mwili hauna neno, ila mvua ya huku msituni haitupi nafasi hata ya kuanika nguo.

Barua yako nimeipata. Umenishukuru kwa chumvi niliyompa Papa, ukasema alirudi nyumbani akisifu jinsi mimi mwanawe nilivyompokea. Dada, niliposoma maneno hayo niliona aibu hata chakula kikanishinda. Mimi sikumpa Papa chumvi. Sikumpokea hata kidogo.

Kazi yangu unaijua, wewe unayeniita Bwana Karani. Ninakaa mezani na Mama mmisionari, yule Mwingereza, tunaandika kitabu cha maneno ya lugha yake na Kiswahili. Siku ile alikuwa na wageni wawili wazungu, na mimi nimevaa viatu na shati jeupe, najiona mtu. Papa akatokea mlangoni. Miguu imejaa matope ya safari ya siku nne, koti limepasuka mabegani, mzigo wa maharagwe kichwani. Mama yule akaniuliza ni nani. Nikajibu, "Ni mtu wa milimani tu, anauza maharagwe."

Nilisema kwa Kiswahili, na Papa alisikia. Sikusimama hata kumtua mzigo. Akanitazama kidogo, kisha akamwambia Mama yule, "Ndiyo, njo vile, Mama. Iko maharagwe ya muzuri, ya kwetu Kingi. Mimi natafuta chumvi tu." Wakampa chumvi, akaipokea kwa mikono miwili, akaenda zake. Maharagwe yale alikuwa ameniletea mimi, kwa sababu nililalamika kwamba huku tunakula ndizi kila siku. Kazi ilipokwisha nilikimbia mpaka kivukoni, nikaambiwa amekwisha vuka zamani.

Wiki hii tulifika kwenye maneno matatu ya Kiingereza, na yote matatu nilikuwa nimeyaandikia neno moja tu, "haya", ile ya kuona aibu. Mama yule akakataa. Alisema la kwanza ni la mtu aliyeteleza mbele za watu: leo anachekwa, kesho anacheka pamoja nao. La pili ni la mtu aliyetenda vibaya, na hata kama hakuna aliyemwona, halimtoki. La tatu ni la mtu anayetamani kurudi nyuma akatende vingine. Akataka mfano wa kila moja, tena wa maisha yangu mwenyewe.

Nikasema la kwanza lilinipata siku ile wageni wake walipokuja. Akauliza, "Na la pili?" Nikasema siku ile ile. La tatu hakuuliza. Nikamwambia, "Mama, yule muzee wa maharagwe njo Papa wangu." Akaweka kalamu chini. Nilingoja anikaripie, lakini aliuliza tu kama Papa alielewa kwamba ninamkana. Nikasema alielewa vizuri, ndiyo maana alinisaidia kusema uongo. Hatukuandika tena siku ile.

Sasa nasikia hata nyumbani ameendelea kunifichia. Nimeomba ruhusa, nimepewa. Nitakuja kwa miguu mvua ikipungua, ila sitaki nifike kabla ya ukweli.

Nisalimie Mama, na shangazi yetu mfuma mikeka, na shemeji, na mwalimu wa kanisa aliyenifundisha kusoma.

Nakuomba jambo moja, dada. Barua hii usiisome peke yako. Wakusanye wote waliokula chumvi ile, Papa akiwa amekaa katikati yao, uisome kwa sauti. Atakukatiza. Atasema haikuwa hivyo, atasema mimi ni mtoto mzuri. Usimsikilize, endelea kusoma mpaka mwisho.

Ni mimi mdogo wako,
Yakobo, mtoto wa Bauma