Uji Asubuhi, Mchana na Jioni

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu. Mimi mzima huku kwenye mafunzo ya ushonaji, ila nina hasira hadi sindano inanichoma vidole.

Mume wangu, huyo mwanao mzuri ambaye hata akiwa na vumbi la mbao puani namtamani, ameniandikia kwamba randa ilimponyoka mkononi. Seremala mzima, hana nguvu za kushika randa. Muuguzi wa kliniki akampima. Dawa za kufubaza virusi anameza vizuri na zinafanya kazi. Kilichopungua ni asidi amino muhimu, zile chembe za protini ambazo mwili haujitengenezei, lazima ziliwe. Akamuuliza anakula nini. Akajibu uji asubuhi, uji mchana, uji jioni.

Mama, niliacha trei ya mayai, maharage na karanga. Vimekwenda wapi? Tuna wiki saba za ndoa. Sikuolewa nije kuzika.

Mkweo

11 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Magoti bado. Sikuwa na miwani, barua yako alinisomea mumeo mwenyewe. Pale pa vumbi la mbao alicheka mpaka nikaona haya mimi.

Mayai yapo. Maharage yapo. Wewe hukuwepo alipolala miezi mitatu kabla hajaanza dawa, kila kitu anatapika isipokuwa uji wangu. Nilimrudisha kijiko kwa kijiko. Leo unifundishe kumlisha? Tumbo likimchafuka, utakuja kufua mashuka?

Mama mkwe

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Hii soma mwenyewe, vaa miwani.

Ahsante kwa kumrudisha. Bila uji wako ningeolewa na nani? Nasema kwa moyo wote, na bado nimekasirika. Uliyemlisha kwa kijiko alikuwa mgonjwa. Huyu wangu ananibeba mpaka chumbani huku akiimba vibaya. Unamlisha yule wa zamani, wa sasa anashinda na njaa. Hasemi kwa sababu anaogopa kukuumiza. Mimi siogopi. Nenda kamuulize muuguzi. Jumapili ikipita hajala yai, naacha cherehani nakuja.

Mkweo

20 Machi

Mkwe,

Sikuulizi hali, nami nimekasirika.

Nilikwenda. Muuguzi kasema uji si kosa, kosa ni kula uji mtupu. Nikachemsha mayai mawili, nikampa moja. Nikakaa mlangoni na beseni, nikisubiri atapike. Akala akamaliza, akauliza maharage yataiva saa ngapi. Nikarudi jikoni na beseni langu kavu, nikalia. Miaka miwili nimekuwa nikimuuguza mtu aliyekwisha kupona.

Yai la pili alilikataa, eti ni lako, utalikuta. Nimemwambia mkeo atapata jingine, kula. Amekula.

Maliza mafunzo yako. Na hayo ya chumbani usiniandikie tena.

Mama yako