Rangi ya Barakoa

Lewisham, 4 Februari 1995

Mwanangu Gloire,

Uko mzima? Shangazi yako Thérèse, mguu wake umepona? Mimi niko mzima. Mgongo tu unauma, kwa kubeba mifuko ya simenti kazini.

Karatasi zako za safari zimetoka. Utapanda ndege mwezi wa tano, uje ukae nami huku. Nakutumia picha, unijue kiwanjani. Nywele zimeisha, usishangae.

Baba yako


Bukavu, 27 Februari

Baba,

Salamu. Sisi wazima. Mguu wa shangazi umepona, anagombana na watu kama kawaida.

Picha nimeiangalia. Simjui huyo mtu. Ulipoondoka nilikuwa na miaka sita. Unakumbuka zile filamu za Wafaransa, za mwizi anayevaa barakoa? Alivaa sura ya daktari, na mke wa daktari akampakulia chakula, akamwongezea nyama. Sasa wewe nitakujuaje? Shangazi ananicheka, lakini mimi sipandi ndege kufuata sura.

Filamu ile tuliiona pamoja, kwa mapadri. Niambie barakoa ilikuwa rangi gani. Ukikosea, nabaki huku.

Binti wa shangazi Thérèse, kwa sasa


Lewisham, 19 Machi

Mwanangu,

Salamu zimefika. Mgongo afadhali.

Nimekwenda mtaa wa Tooting kwa Kailash, anakodisha kaseti za video. Filamu ile anayo. Nimeiangalia yote. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Yule mwizi ni fundi. Anamvua komiseri wa polisi saa mkononi, halafu anamwuliza saa ngapi. Anatoroka juu ya kitanda cha hoteli, kimefungwa maputo, kinapaa. Risasi zote zinapigwa, hafi hata kuku. Waliotengeneza kitu kile wana akili sana.

Lakini mimi nampenda zaidi komiseri. Anaanguka kwenye zege bichi, anatoka, anajipangusa, anaendelea. Hamshiki mtu hata siku moja. Anaendelea tu.

Kwenye kaseti barakoa ni nyekundu. Kwenye kava pia nyekundu.

Kwa mapadri haikuwa nyekundu. Televisheni yao haikuwa na rangi. Wiki ile tulimzika mama yako, ulikuwa unalia tu. Nikakuuliza, ile barakoa rangi gani? Ukasema njano. Nikasema ndiyo, njano. Padri akasema hapana. Nikamwambia anyamaze. Ukaacha kulia.

Kama umesahau, baki. Sikulazimishi.

Baba yako


Bukavu, 8 Aprili

Baba,

Salamu nyingi. Barua yako nimemsomea shangazi. Analia tangu jana, anasema ni moshi wa makaa.

Padri hukumwambia anyamaze. Ulimwambia atoke nje, na televisheni ilikuwa yake.

Nimeshaaga shuleni. Shangazi anataka nibebe ndizi, samaki na unga, anasema huko hamli. Nimemwambia samaki wanatosha.

Ukija kiwanjani usivae kofia, nikuone vizuri.

Mwanao